Sura ya Tano: Deni Kwanza, Mapatano Baadaye

*Jinsi mwenye nyumba mpya anavyoweza kukubaliana na mpangaji kuhusu ukarabati*

"Nimerithi nyumba ya baba Kismayu. Ndani mna mpangaji. Paa linavuja na choo kimejaa. Yeye asema hatoi kodi mpaka nitengeneze, nami nasema sitengenezi mpaka atoe kodi. Nani aanze?"

Swali hili huulizwa kila walipo watu wa mwambao wetu, wakiwa Kismayu, Lamu, Mombasa au London. Wanaouliza si matajiri wa majumba. Wengi wana nyumba moja, tena ya urithi, na wapangaji wao nao ni watu wa kipato cha mkono kwenda kinywani. Pande zote mbili hazina pesa za kupoteza, na ndiyo maana ugomvi wa bati moja huweza kufika kwa wazee, kwa shekhe, hata kwa mkuu wa mtaa.

Jibu langu ni hili: mwenye nyumba ndiye aanze, lakini aanze na kile anachodaiwa tu. Kila kinachozidi hapo ni mapatano, na mapatano hayana budi kuwa na bei, muda na mashahidi. Ugomvi mwingi huzaliwa pale mtu anapochanganya mambo hayo mawili, akaliuza deni lake kana kwamba ni ihsani.

## Aliye ndani ni nani, na nyumba ni ya nani?

Mwenye nyumba mpya wa pwani ya Kismayu mara nyingi ni mtu aliyerudi, au mtoto wa mtu aliyeondoka. Vita vilivyoanza Somalia 1991 viliwatawanya watu wa visiwa vya Fuma, Koyama, Ngumi, Chovai na Chula pamoja na jamaa zao wa mjini. Wengi walivuka kwenda Kenya, na baadhi walifika Uingereza. Nyumba zilibaki nyuma. Nyingine ziliachiwa jamaa, nyingine ziliingiwa na watu wasiojulikana, nyingine zilisimama bila mtu mpaka paa likaanguka.

Kisha hali ikageuka. Al-Shabaab waliondoka Kismayu 2012, serikali ya Jubaland ikaundwa 2013, na Desemba 2014 Kismayu ikawa miongoni mwa miji mitatu ya kwanza, pamoja na Baidoa na Luuq, kuwapokea wakimbizi waliorudi kwa hiari kutoka kambi za Dadaab, Kenya, chini ya mpango wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Waliorudi walihitaji pa kulala. Vyumba ambavyo havikuwa na thamani vikawa na kodi, na watu ambao hawakuwahi kufikiria kupangisha wakajikuta ni wenye nyumba. Hata mtu wa Fuma, ambako familia hukaa katika nyumba za ukoo, akihamia mjini huwa ama mpangaji wa mtu au mpangishaji wa nyumba ya wazee wake.

Kwa hiyo, kabla ya kutaja bati wala saruji, pata majibu ya maswali mawili.

Aliye ndani ni nani? Anaweza kuwa mmoja wa watu watatu:

1. *Mpangaji*: analipa kodi inayojulikana, kwa mkataba wa maandishi au wa mdomo. Huyu ndiye wa kuzungumza naye ukarabati.
2. *Mwangalizi*: jamaa au jirani aliyeachiwa nyumba ailinde. Huenda hajalipa senti, lakini huenda pia ametia mlango, ameziba nyufa, na amewazuia watu kuchukua mawe. Huyu mfanyie hesabu ya alichotumia kabla ya kumwambia habari ya kodi.
3. *Mkaazi asiye na ruhusa*: aliingia wakati wa vita au baadaye. Usianze kutengeneza nyumba kabla suala la umiliki halijakatwa mbele ya wazee au mamlaka. Ukishatia paa jipya juu ya mtu asiyekutambua, umemwongezea sababu ya kubaki.

Je, nyumba ni yako peke yako? Nyumba ya marehemu ni ya warithi wote: mjane, wana wa kiume, mabinti, na wazazi wa marehemu wakiwa hai. Aliyeko karibu na nyumba husahau kwamba dada yake aliyeolewa Mombasa naye ana fungu. Ukitia pesa zako bila ridhaa ya wenzako, siku ya kugawa utaulizwa nani alikutuma. Pata ridhaa yao mapema, hata kwa ujumbe wa sauti kwenye simu, na mchague mmoja mwenye idhini ya kuzungumza na mpangaji. Mpangaji anayepokea amri tatu kutoka kwa ndugu watatu hatatii hata moja, na hana makosa.

Kwa ufupi: mjue aliye ndani, wajue wenzako katika umiliki, na awepo msemaji mmoja.

## Mambo matatu yasiyofanana

Watu husema "kutengeneza nyumba" kana kwamba ni kazi moja. Ziko tatu.

*Matengenezo* ni kuirudisha nyumba katika hali ya kukalika: paa lisivuje, ukuta usianguke, mlango ufungike, choo kitumike. Hili ni deni la mwenye nyumba.

*Maboresho* ni kuipa nyumba kitu ambacho haikuwa nacho mpangaji alipoingia: tangi la maji, umeme, vigae, chumba cha pili cha kuogea. Hili ni la mapatano.

*Nyongeza za mpangaji* ni vitu anavyotia mwenyewe kwa haja yake: kibanda cha kupikia uani, rafu za duka, bati la kivuli mbele ya mlango. Hili linahitaji ruhusa, na linahitaji neno la mapema kuhusu siku ya kuondoka.

Mgawanyo huu haukutoka ng'ambo. Mwambao wetu hufuata madhehebu ya Shafi, na fiqhi yake imeyazungumza haya karne nyingi katika mlango wa *ijara*, yaani mkataba wa kukodisha manufaa ya kitu. Imam Nawawi, aliyefariki 1277, ameeleza katika Minhaj al-Talibin kwamba ukarabati wa nyumba iliyokodishwa ni juu ya mwenye nyumba. Akiharakisha kutengeneza, mkataba unaendelea. Asipofanya, mpangaji ana *khiyari*, yaani haki ya kuchagua kuuvunja mkataba au kubaki. Hata kumkabidhi mpangaji ufunguo ni wajibu wa mwenye nyumba, ilhali kuondoa taka za uani ni juu ya anayekaa.

Wale wawili waliogombana mwanzoni mwa sura wana jibu lao hapa. Mwenye nyumba hawezi kusema kwamba paa linalovuja halimhusu. Mpangaji naye ana haki ya kuondoka, lakini akichagua kubaki, kodi inaendelea. Kukaa miezi ndani ya nyumba bila kulipa kwa hoja ya paa si njia aliyopewa. Kila mmoja ameshika nusu ya haki na kuiacha nusu inayomgusa yeye.

Sheria za nchi jirani zinaelekea huko huko. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 inamtaka anayepangisha nyumba ya kuishi aiweke katika hali ya kukalika. Hata hivyo, huhitaji kungoja mahakama ikukumbushe. Fanya orodha ya matengenezo, iandike juu kabisa ya karatasi, na usiitumie kama sababu ya kupandisha kodi.

Kwa ufupi: matengenezo ni deni, maboresho ni mapatano, nyongeza ni ruhusa.

## Ijue nyumba kabla ya kuahidi

Mwenye nyumba anayekuja na fundi wa Nairobi na picha za simu anaweza kuiharibu nyumba ya mwambao kwa nia njema. Nyumba ya zamani ya pwani yetu imejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa, na dari ya boriti za mikoko. Ina tabia zake.

Kuta. Chokaa hupitisha unyevu: maji yaliyoingia ukutani hutoka tena taratibu. Ukipiga lipu ya saruji juu yake, unyevu hufungiwa ndani, chumvi hujikusanya, na baada ya misimu michache lipu hubanduka na jiwe la chini limelainika. Ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa. Kazi hiyo huenda polepole, na mpangaji aambiwe hivyo mapema.

Boriti. Upana wa chumba cha kale hufuata urefu wa boriti, karibu mita mbili na nusu hadi tatu. Mpangaji akiomba ubomoe ukuta wa kati apate ukumbi mkubwa, huenda anaomba dari imwangukie. Mweleze hivyo mbele ya fundi, asidhani unamnyima.

Mchanga. Wa ufukweni ni wa bure, nao ndio unaoponza wengi. Chumvi yake hula nondo, nondo iliyoliwa hufura, na zege hupasuka. Kama kazi ina nondo, nunua mchanga usio na chumvi.

Paa. Makuti huipoza nyumba lakini huhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Mabati hudumu zaidi lakini huleta joto, na upepo wa bahari huyala kwa kutu. Faida yake kubwa kwetu ni maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 20 hutoa lita 1,000, na hata ikipotea sehemu ya tano hubaki lita 800, sawa na madumu 40 ya lita 20. Wazee wa visiwa vya Bajuni upande wa Lamu walijenga *jabia*, yaani mabirika makubwa ya kuvunia mvua, kwa sababu visima vingi vya ufukweni vina maji ya chumvi. Mpangaji anayenunua maji kwa dumu anaijua thamani ya bati na mfereji kuliko ya kigae chochote.

Choo. Mwamba wa matumbawe umejaa mianya, na uchafu wa shimo husafiri ndani yake. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kuweka angalau mita 30 kati ya choo cha shimo na kisima. Katika mitaa iliyosongamana nafasi hiyo haipatikani, hivyo shimo lijengewe kuta na liwe la kunyonywa. Kwa vyovyote vile, choo kije kabla ya rangi.

Wakati. Paa lisiezuliwe masika yakikaribia. Na kama nyumba iko kisiwani, Fuma au Koyama, jambo la kwanza kuuliza ni bahari. Kusi ikivuma kwa nguvu, kati ya Juni na Agosti, kusafirisha saruji na mabati kwa mashua ni kuhatarisha mali na roho. Vifaa vivushwe wakati wa kaskazi, bahari ikiwa tulivu. Ukiahidi kuanza Julai bila kuuliza nahodha, umeahidi usichoweza.

Kwa ufupi: paa, maji na choo kwanza, chokaa kwa chokaa, na kalenda ya kazi ifuate pepo na mvua.

## Kikao cha kwanza

Nenda ukamsikilize mpangaji kabla hujampelekea mpango. Yeye ndiye aliyelala humo masika yote, na anajua tone linaanguka wapi. Tuchukue mfano. Kijana aliyerudi kutoka Mombasa amerithi nyumba ya vyumba viwili inayokaliwa na mama anayeuza mahamri. Kichwani ana vigae na geti la chuma, kisha kodi ipande. Anafika na dada yake.

"Hodi, mama."

"Karibuni, wanangu."

"Shikamoo. Tumekuja kuitazama nyumba, na twataka wewe utuoneshe."

"Marahaba. Haya, tazameni. Mvua ikinyesha usiku nahamisha magodoro mara mbili. Maji nanunua kwa madumu kila siku. Hivyo vigae ulivyovitaja kwa jirani, mwanangu, mimi havinisaidii."

"Tukitengeneza paa na kuweka tangi, mama, utapenda kukaa muda gani?"

"Miaka mitatu, nikipata neno lako kuwa hutanitoa."

Katika maneno hayo machache kijana amejua mambo matatu ambayo fundi hawezi kumwambia. Vigae vitakula pesa bila kumpa mpangaji sababu ya kulipa zaidi. Maji yanamgharimu kila siku, kwa hiyo tangi lina thamani kwake. Na kitu anachokitaka zaidi ya vyote ni muda. Muda hauna gharama kwa mwenye nyumba ambaye hana mpango wa kuhamia, na bado ndio kitu chenye uzito mkubwa mezani.

Kijana alifanya vizuri kwenda na dada yake. Nyumba zetu zina stara, na mengi ya choo, bafu na jiko husemwa na wanawake kwa wanawake. Stara hiyo iingie katika ratiba ya kazi pia. Kama mume ni mvuvi na hushinda baharini, mafundi hawawezi kuingia na kutoka wapendavyo. Kubalianeni saa za kazi, siku za kazi, mlango wa kupitia, na mtu mzima wa familia atakayekuwepo. Kama chumba kitafungwa kwa wiki mbili, semeni familia italala wapi na kodi ya wiki hizo itapungua kiasi gani. Mpangaji asilipie chumba asichokitumia.

Maswali ya kuuliza katika kikao cha kwanza:

- Ni kitu gani ndani ya nyumba hii kinakusumbua kila siku?
- Ni kitu gani kinakugharimu pesa kila mwezi ambacho nyumba nzuri ingekuokoa nacho?
- Umeshatengeneza nini kwa pesa zako, na kwa ruhusa ya nani?
- Unataka kukaa muda gani?
- Ni miezi gani ambayo kazi haiwezi kufanyika humu: Ramadhani, harusi, mzazi karibu kujifungua?

Usitoe bei siku hiyo. Shukuru, andika, rudi na fundi siku nyingine.

## Njia nne za kugharamia

Mkishajua kazi, linabaki suala la pesa. Kismayu kodi huhesabiwa kwa dola na mara nyingi hutumwa kwa simu, kwa hiyo mifano hii nimeipa dola. Ni mifano tu; weka namba zako.

Njia ya kwanza: mwenye nyumba analipa, kodi haibadiliki. Hii ndiyo njia ya matengenezo. Kama kodi ni dola 70 na paa linagharimu dola 350, hiyo ni kodi ya miezi mitano. Inauma. Lakini nyumba inayovuja hupoteza boriti, na boriti hugharimu kuliko bati. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao utakuwa wako.

Njia ya pili: mwenye nyumba analipa, kodi inapanda kwa kiasi kilichokubaliwa. Hii inafaa maboresho. Tuseme tangi na mifereji vinagharimu dola 216. Mpangaji, kwa wastani wa mwaka, ataokoa kama dola 9 kwa mwezi alizokuwa akinunulia maji. Kodi ikipanda kwa dola 6, mwenye nyumba atarudisha pesa zake kwa miezi 36, na mpangaji atabakiwa na dola 3 kila mwezi. Miezi 36 ndiyo ile miaka mitatu aliyoiomba mama. Kila upande umepata, na hesabu yake inaoneshwa kwa kijiti mchangani.

Njia ya tatu: mpangaji analipa, anakatwa kwenye kodi. Hii ni njia ya mwenye nyumba aliye mbali. Yuko London, choo kimejaa Kismayu, na mpangaji ana dola 120 za kukitengeneza. Analipa, kisha kwa miezi sita anatoa dola 50 badala ya 70. Hapa fiqhi ina onyo ambalo kila mwenye nyumba wa mbali alijue. Haifai kukodisha nyumba kwa "kodi" ambayo ni ukarabati wenyewe, yaani kusema: kaa, na kodi yako iwe ni kuitengeneza. Kodi hiyo ni *majhul*, kitu kisichojulikana kiasi chake, na kisichojulikana huzaa ugomvi. Kodi itajwe kwanza kuwa dola 70. Kisha, kwa neno la pembeni, mwenye nyumba amwakilishe mpangaji kutumia fungu la pesa hizo kwa kazi inayojulikana. Wekeni kikomo, takeni risiti na picha, na pakiwa na gharama ya ziada, simu ipigwe kabla ya fundi kuendelea.

Njia ya nne: mpangaji anajenga nyongeza yake mwenyewe. Ruhusa itolewe kwa maandishi, ikisema moja kati ya mawili: akiondoka atakichukua bila kuharibu nyumba, au atakiacha na kulipwa kiasi fulani. Ukimya ndio wenye hatari. Mpangaji aliyejenga jiko la mawe uani bila neno lolote siku moja atasema ni lake, nawe utasema ni lako, na wote wawili mtakuwa mnasema mnachoamini.

Kwa ufupi: deni kwa njia ya kwanza au ya tatu, boresho kwa njia ya pili, haja ya mpangaji kwa njia ya nne.

## Mafunzo kutoka Mombasa na Unguja

Mwambao wa Waswahili umeshajaribu, kwa miaka mingi, kinachotokea upande mmoja ukikosa uhakika.

Mombasa pana desturi ya *nyumba bila ardhi*. Katika Majengo na mitaa mingine, ardhi ni ya mtu mmoja na nyumba iliyo juu yake ni ya mwingine, ambaye hulipa kodi ya kiwanja. Desturi hii imewapa pa kukaa watu wengi ambao wasingeweza kununua ardhi. Udhaifu wake ni muda. Mwenye nyumba asiyejua kama mwenye ardhi atauza mwakani haoni sababu ya kujenga kwa mawe, hubaki na udongo na mabati, na familia huweza kuishi namna hiyo kizazi baada ya kizazi. Anayetia pesa anahitaji kujua atabaki.

Mji Mkongwe wa Unguja unatuonesha upande wa pili. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali zikapewa wapangaji, na kodi ilikuwa ndogo mno, katika nyumba za serikali na katika nyumba nyingi za wakfu. Wapangaji walipata uhakika wa kukaa, lakini kodi haikutosha kununua chokaa. Maji yaliingia darini, boriti zikaoza, na nyumba zikaanguka moja baada ya nyingine. Mji huo uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kazi ya kuziokoa nyumba zake bado haijaisha.

Ukiitazama miji hiyo miwili pamoja, kanuni inajitokeza. Nyumba husimama pale anayetia pesa ana uhakika wa muda, na anayemiliki ana uhakika wa kipato. Mwenye nyumba mpya wa Kismayu hawezi kubadilisha sheria za nchi. Ila vitu hivyo viwili anaweza kuviandika katika ukurasa mmoja kati yake na mpangaji wake, na akivikosa, jiwe zuri halitamsaidia.

## Kodi ikipanda, ipande namna gani?

Kodi isipande ghafla. Kenya, kwa maduka na mikahawa iliyo chini ya ulinzi wa sheria, mwenye nyumba hutakiwa kutoa ilani ya miezi miwili kabla ya kubadilisha masharti, kodi ikiwemo, na mpangaji asiyekubali ana baraza maalumu la kupeleka shauri lake. Hata pale ambapo hakuna baraza la namna hiyo, ilani ya miezi miwili ni kipimo kizuri cha uungwana. Humpa mtu nafasi ya kutafuta pengine au kupanga upya matumizi yake.

Zingatia mambo haya manne:

1. Kodi ipande baada ya boresho kuanza kutumika, si baada ya ahadi.
2. Isemwe itakaa katika kiwango hicho kwa muda gani.
3. Isihusishwe na matengenezo.
4. Kazi ikichelewa kwa sababu yako, tarehe ya kupanda isogee nayo.

Na mpangaji akikataa? Ana haki hiyo. Boresho si lazima kwake. Muulize analikataa kwa sababu ya bei, wakati, au hofu ya kutolewa baadaye. Mara nyingi ni hofu, na dawa yake ni kumwongezea muda badala ya kumpunguzia bei. Akikataa kabisa, fanya matengenezo unayodaiwa, na boresho liache mpaka mkataba uishe. Usimkatie maji wala usimng'olee mlango ili aondoke. Hilo ni dhulma, na mtaa mzima utakujua kwa jina hilo.

## Karatasi moja

Mali bila daftari hupotea bila habari. Makubaliano yote haya yanatosha katika ukurasa mmoja, kwa lugha ambayo wote wawili wanaielewa, iwe Kiswahili, Kibajuni au Kisomali. Kama mmoja hasomi, asomewe na mtu wake, si na mtu wako. Andikeni:

- Majina ya pande mbili, na nani anawasemea warithi.
- Hali ya nyumba leo, pamoja na picha.
- Orodha ya matengenezo, nani analipa, na tarehe ya kumaliza.
- Orodha ya maboresho, gharama, na kodi mpya itaanza lini.
- Saa za mafundi na mpango wa stara.
- Nyongeza za mpangaji zilizoruhusiwa, na hukumu yake siku ya kuondoka.
- Muda wa mpangaji kukaa bila kutolewa.
- Nani atasuluhisha tukikosana: shekhe yupi, mzee yupi wa mtaa.
- Sahihi au dole gumba, na mashahidi wawili wasio wa upande mmoja.

Kila mmoja abaki na nakala, na nyingine ipigwe picha na kutumwa kwa warithi walio mbali.

## La kuondoka nalo

Ukiwa mwenye nyumba mpya, utashawishika kuanza na kile kitakachoonekana barabarani: geti, rangi, vigae. Anza na kile kinachomnyima mpangaji usingizi. Sababu ya kwanza ni kwamba unadaiwa. Sababu ya pili ni kwamba mtu aliyelipwa deni lake hukaa mezani akiwa na moyo wa kupatana, na ukimjia na boresho lenye faida kwake atakusikiliza. Ukimjia na boresho huku paa linavuja, hata hesabu nzuri kiasi gani ataiona ni mtego.

Katika pwani hii, ambako nyumba nyingi zilipotea kwa kukosa mtu wa kuziangalia, mpangaji anayelipa, anayefagia ua na anayekupigia simu bati linapong'oka ndiye mlinzi wa urithi wako. Lipa unachodaiwa kabla ya masika, mpe muda wake kwa maandishi, kisha fungua mazungumzo ya mengine.